Uzoefu wangu na programu ya mazoezi ya mpango wa uuguzi: vipaumbele iko vizuri, malengo inalegea

Naitumia programu hii kufundishia wanafunzi wa uuguzi hatua inayowasumbua kuliko zote. Wameshachukua historia, wameshapima, karatasi imejaa taarifa, halafu wanakwama kwenye swali moja: lianze lipi? Kwa kazi hiyo naipa nyota nne. Kwa upande wa kuandika malengo naipa mbili.

Unapewa mgonjwa wa kubuni mwenye taarifa kama ishirini hivi, na baadhi yake hazihusiani kabisa na hali aliyo nayo. Unazipanga kwanza kwenye mafungu, ndipo orodha ya utambuzi wa kiuguzi (matatizo ya mgonjwa ambayo muuguzi anaweza kuyashughulikia) inapofunguka, ikiwa na majina yanayofuata NANDA International, shirika linalotunga majina hayo. Unachagua matatizo yasiyozidi matano na kuyaburuta juu au chini. Kila ukiweka tatizo moja juu ya jingine, unadaiwa sababu kwa sentensi moja, na bila sentensi hiyo huendelei. Ubora wa programu nzima uko hapo, kwa sababu mwanafunzi anaweza kubahatisha mpangilio lakini hawezi kubahatisha sababu.

Chukua kisa cha mzee wa miaka 72 mwenye homa ya mapafu. Anapumua mara 28 kwa dakika, oksijeni kwenye damu ni 89%, makohozi ni mazito na anashindwa kuyatoa. Joto ni nyuzi 38.9, kifua kinamuuma 6 kati ya 10 kila akikohoa, hajala vizuri tangu juzi, na usiku aliyumba akienda chooni. Wengi hukimbilia homa kwa sababu ndiyo inayoonekana haraka kwenye chati. Kanuni ya njia ya hewa, upumuaji, kisha mzunguko wa damu huwarudisha kwenye mstari: kushindwa kusafisha njia ya hewa kunatangulia, ubadilishanaji wa hewa kwenye mapafu unafuata. (Huo ni mpangilio wa karatasi. Wodini, mgonjwa wa 89% unamkalisha na kumwekea oksijeni kama alivyoandikiwa kabla hujashika kalamu.)

Sasa maumivu yakae wapi? Anayekariri ngazi za Maslow (mpangilio wa mahitaji ya binadamu unaoanzia na ya mwili) huyatupa nafasi ya nne, baada ya lishe. Programu inakuruhusu kuyapandisha hadi ya pili ukieleza vizuri: kifua kinauma, kwa hiyo hakohoi, hakohoi, kwa hiyo makohozi yanabaki na hewa haipiti. Tatizo linalozuia jingine lisitatuliwe hupanda juu. Hoja hii wanafunzi huichukua haraka zaidi kwa kuburuta na kujieleza kuliko kwa kusikiliza mhadhara.

Sehemu nyingine nzuri ni kwamba kisa hakikai palepale. Katikati ya zoezi unaambiwa saa sita zimepita: shinikizo la damu ni 88/50, mkojo ni mililita 20 kwa saa kwa mtu wa kilo 60, na mzee anaanza kuchanganyikiwa. Anayejua kwamba mkojo wa mtu mzima unatakiwa usishuke chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani 30 kwa huyu, anagutuka mara moja. Kuna kitufe cha kumwita daktari, na anayeanza kupanga orodha upya kabla ya kukibonyeza anapoteza alama. Ni haki kabisa.

Kasoro ya kwanza iko kwenye matatizo ya hatari, yaani yale ambayo bado hayajatokea. Programu huyashusha chini ya yote yaliyokwisha kutokea, bila kujali ni hatari ya nini. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo ana maumivu 5 kati ya 10, na ana hatari ya damu kujikusanya shingoni na kubana njia ya hewa, hasa katika saa 24 za mwanzo. Programu inaweka maumivu juu. Mimi naweka njia ya hewa, na mwanafunzi anayenipinga nitamuuliza ni lipi kati ya hayo mawili litamuua mgonjwa usiku huo. Visa vya aina hii lazima mvijadili pamoja, la sivyo wanabeba kanuni mbovu.

Upande wa malengo ndio unaokera. Kisanduku kinatafuta namba na muda tu. Ukiandika "Mgonjwa atapewa oksijeni lita 2 kwa dakika kwa muda wa saa 24" unapata alama zote, ilhali hiyo ni kazi ya muuguzi, wala si lengo la mgonjwa. Ninachowafundisha ni hiki: lengo linatoka kwenye tatizo, afua (hatua anazochukua muuguzi) zinatoka kwenye kisababishi, na kipimo cha kujua kama umefika kinatoka kwenye dalili ulizoziandika. Kwa mzee wetu, tatizo ni kushindwa kusafisha njia ya hewa kutokana na makohozi mazito na maumivu yanayomzuia kukohoa. Usiandike "kutokana na nimonia". Nimonia ni utambuzi wa daktari, na hakuna afua ya kiuguzi inayoanzia hapo. Lengo linakuwa: "Ndani ya saa 24 mgonjwa atakohoa na kutoa makohozi mwenyewe, na atapumua chini ya mara 24 kwa dakika." Kwa nini si kati ya 12 na 20, kiwango cha kawaida cha mtu mzima? Kwa sababu mtu anayepumua mara 28 leo hatarajiwi kuwa sawa kesho asubuhi, na lengo lisilofikika hugeuza tathmini kuwa karatasi ya kuandika "halijafikiwa" kila zamu.

Pia programu inapendekeza oksijeni iwe juu ya 95% kwa kila mtu. Kwa mgonjwa wa mapafu ya muda mrefu aliye katika hatari ya kulimbikiza hewa ya ukaa, kiwango kinacholengwa kwa kawaida ni 88 hadi 92%. Kumpandisha zaidi ya hapo kunaweza kumdhuru. Kwa watu wazima wengine wengi ni 94 hadi 98%. Hili ni kosa la kurekebisha leo, si toleo lijalo.

Vitenzi nako imelala. Inapitisha "ataelewa" na "atajisikia vizuri". Waambie wanafunzi waandike kitu kinachoonekana au kusikika: ataeleza, ataonyesha, atatembea, atataja.

Ukiamua kuitumia, zima majibu ya mfano kwenye mipangilio kabla hujawagawia wanafunzi visa, maana yakiwa wazi wanayanakili neno kwa neno. Mpango ukichapishwa safu ya sababu haitoki, kwa hiyo piga picha ya skrini kabla ya kufunga kisa. Sehemu ya malengo mimi naiacha kabisa. Wanafunzi wanapanga vipaumbele kwenye programu, kisha wanaandika malengo mawili tu kwa mkono, kwa matatizo mawili ya juu, na hayo ndiyo ninayosahihisha.