Museum of Brands, London: mnaopenda matangazo ya zamani mpitie
Jamani mkifika London hii makumbusho ya mtaa wa Notting Hill msiikose. Unapita korido inayopinda imejaa pakiti na makopo tangu enzi za Malkia Victoria, kumbe mwanzilishi wake Robert Opie alianza kukusanya mwaka 1963 na pakiti tupu ya chokoleti za Munchies, we fikiria, takataka ya mtu leo makumbusho! Ila mie kilichonikamata ni matangazo ya tivii, nilikaa hapo hadi miguu ikafa ganzi. La kwanza Uingereza lilirushwa na kituo cha ITV 22 Septemba 1955, dawa ya meno Gibbs SR iliyogandishwa kwenye barafu. Lifebuoy nayo nilidhani ya kwetu Mombasa 😂 kumbe ni sabuni ya Lever, kampuni ya Kiingereza.