Konsetina ya vitufe 30: uzoefu wangu kwenye kwaya, Lubumbashi

Konsetina ni kinanda kidogo cha mkononi, unachokipiga kwa kubonyeza vitufe huku ukivuta na kusukuma mivukuto, ule mfuko wa hewa wa katikati. Yangu ya kwanza ilikuwa ya vitufe 20, safu moja ya do na nyingine ya sol. Nyimbo za do na za sol ilizimudu vizuri. Tatizo ni kwaya yetu, pale Katuba, inayopenda kuimba kwa fa. Tukifika kwenye mstari wa pili maestro ananigeukia: “Yaya, si bemoli yako iko wapi?” Noti hiyo haikuwapo. Katika diezi na bemoli zote (noti zilizopandishwa au kushushwa nusu hatua), ile ilikuwa na fa diezi peke yake.

Basi nikaagiza ya vitufe 30 kwa mfanyabiashara anayeleta mizigo kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Bei ilikaribia mara mbili ya ile ya kwanza, na ilifika kitufe kimoja kimezama hakirudi. Nilifungua skrubu za upande wa kulia, nikakuta tone la gundi limeushika wenzo. Nikalikwangua kwa wembe, kikapona. Mivukuto yake ni mizuri: nikiining'iniza kwa mkanda mmoja bila kubonyeza kitu, upande wa chini unashuka polepole sana. Jaribu hivyo kabla hujalipa.

Sasa kuhusu sauti, maana wengi wanadhani vitufe zaidi ni kwenda chini zaidi na juu zaidi. Sivyo. Do ya chini kabisa ni ile ile, na noti ya si iliyo juu kabisa ni ile ile. Safu ya tatu inaziba mapengo: do diezi, mi bemoli, sol diezi, na si bemoli yangu. Kwenye ile ya zamani, kutoka do ya chini hadi sol hapakuwa na kitu. Hii imeleta mi na fa. Re ya hapo bado haipo, kwa hiyo nikipiga wimbo wa sol, besi ya re naipandisha oktavu nzima. Wazee wa sauti ya nne wanasikia.

Jingine la kuzoea: kila kitufe kina noti moja ukisukuma na nyingine ukivuta. Kwa fa, akodi (noti zinazopigwa pamoja) ya fa na ya si bemoli zote zinaangukia kwenye kuvuta, kwa hiyo mivukuto inajaa mapema hadi mikono inatanuka. Dawa ni kitufe cha hewa cha kidole gumba, kuifunga mivukuto kimya kimya waimbaji wanapovuta pumzi. Mwanzoni kilikoroma kuliko soprano.

Rafiki alinishauri nichukue ile ya Kiingereza ya vitufe 48, aina iliyotokana na kazi ya Charles Wheatstone wa London, ambayo noti haibadiliki ukivuta au ukisukuma. Diezi zote zimo, ni kweli. Lakini hiyo ya Kiingereza ya kawaida inaanzia sol iliyo chini ya do ya katikati. Ningelipia vitufe vingi nipoteze besi, na kwaya yetu haina gitaa la besi. Kwa mtu wa melodia tupu, sawa.

Hii nimebaki nayo na sijutii. Zipo za safu tatu zenye vitufe 38 na 40, nazo nazitamani, ila mpangilio wake hutofautiana kwa mtengenezaji. Safari hii muuzaji atanitumia kwanza mchoro wa noti zote, na jicho langu litaanza kwenye re ya chini.