Riviu ya seti ya waya za amplifaya ya elfu 45, usiifunge kwenye gari kabla hujasoma hapa

Wakuu habari zenu. Mi nina Toyota IST na mwezi wa tatu mwaka huu niliamua kuweka sabufa ya inchi 12 na amplifaya ya wati 500, namaanisha wati 500 za kweli zile za RMS (nguvu inazotoa muda wote) sio zile namba kubwa za kwenye boksi. Amplifaya yenyewe sina tatizo nayo mpaka leo inapiga vizuri tu, hii riviu ni ya seti ya waya niliyouziwa kuifungia na ni ya mafundi wawili walioshika gari yangu kwa nyakati tofauti.

Seti niliichukua Kariakoo kwa elfu 45. Ndani kuna waya mwekundu wa moto (wa chanya ya betri), waya mfupi mweusi wa ethi (wa hasi, unafungwa kwenye bodi), waya za RCA za kuleta sauti toka redio, waya mwembamba wa rimoti wa kuiwasha amplifaya na kikopo cha fyuzi cha plastiki, ile fyuzi ya kioo, imeandikwa ampea 60. Juu ya boksi wameandika 4 geji (geji ni kipimo cha unene wa waya, namba ikiwa ndogo waya ndo mnene) na wati 2000. Ukiishika mkononi waya ni mnene kweli unajaa kiganja, ukasema hapa nimepata mali. Dukani pale pale wana fundi wao, akafunga kwa saa moja na nusu nikatoka na mziki.

Wiki ya kwanza nikaona taa za mbele zinafifia kila besi ikigonga, pia spika zinapiga kelele kama filimbi na kadri unavyokanyaga mafuta ndio inapanda. Nikampigia fundi akasema ni kawaida ya IST, betri yake ndogo. Nikaacha.

Wiki ya tatu niko kwenye foleni Morocco hapa Dar jioni, nasikia harufu ya plastiki inaungua, kidogo moshi unatoka chini ya dashibodi miguuni. Nikazima gari nikachomoa ufunguo. Moshi hauachi, ndo unazidi. Kumbukeni waya wa amplifaya umetoka moja kwa moja kwenye betri, haupiti kwenye swichi, kwa hiyo kuzima gari hakusaidii kitu chochote. Bodaboda mmoja akawahi na spana namba 10, tukafungua boneti tukatoa kichwa cha hasi kwenye betri, hapo hapo ikatulia. Mkeo na watoto wangekuwa siti ya nyuma ungefanyaje, mi nilikaa kwenye ukingo wa barabara nusu saa nzima nawaza hilo tu.

Gari ikavutwa mpaka kwa fundi mwingine, huyu yuko Mwenge, nilielekezwa na jamaa wa kazini. Cha kwanza alichofanya ni kufuata ule waya mwekundu toka kwenye betri hadi nyuma na mkono wake, akanionesha ulipopita kwenye tundu la ukuta wa injini, tundu la bati tupu lenye ncha kali na hakuna mpira wowote wa kuzuia. Gari inatikisika kila siku, bati likala gamba la waya mpaka likafika ndani, waya wa moto ukagusa bodi. Nikamuuliza sasa fyuzi ilikuwa wapi, si ndo kazi yake hiyo? Akaniambia njoo huku nyuma. Fyuzi ilikuwa kwenye buti pembeni ya amplifaya, nzima kabisa, haijaguswa hata kidogo.

Hapa ndo naomba msome taratibu maana mi mwenyewe nilikuwa sijui. Fyuzi ile kubwa haipo kwa ajili ya kulinda amplifaya, amplifaya nyingi zina fyuzi zao ubavuni (yangu ina 2 za ampea 30). Ile kubwa inalinda WAYA. Waya ukigusa bodi mahali popote kati ya betri na fyuzi basi umeme wote wa betri unapita pale bila kupita kwenye fyuzi, mamia ya ampea, hamna wa kuuzuia. Ikikaa nyuma kwenye buti maana yake una mita nne za waya ndani ya gari zisizo na ulinzi. Inatakiwa ikae karibu na betri, wanasema isizidi inchi 18 yaani kama sentimita 45, na ukiiweka karibu zaidi ndo bora. Fundi wa dukani aliiweka nyuma kwa sababu eti ikiungua nisipate shida kufungua boneti.

Halafu akachukua kisu akakata ule waya. Aisee. Gamba la plastiki ndo nene, waya wenyewe ndani hata nusu ya unene haufiki. Akakwangua nyuzi kidogo, juu rangi ya shaba ndani nyeupe, yaani ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo ukiwa na waya wa hivyo lazima uwe mnene zaidi, huu ulikuwa mwembamba zaidi. 4 geji ya kweli ni milimita za mraba 21, ule akaukadiria kwenye geji 8 au mwembamba zaidi. Ndo maana taa zilikuwa zinafifia, betri ya IST haikuwa na kosa.

Yeye hakutaka seti tena. Tulienda Gerezani tukanunua waya wa mashine ya kuchomelea, milimita 25 za mraba, mita 5 na nusu, alikwangua kwanza kabla sijatoa hela maana hata hizo siku hizi zipo za alumini. Elfu 15 kwa mita. Hesabu ya fyuzi akaipiga mbele yangu: wati 500 gawanya kwa 0.8 kwa sababu amplifaya za klasi D, aina kama hii yangu, zinapoteza kama asilimia 20, unapata 625, gawanya kwa volti 13.8 za gari ikiwa inawaka, inakuja ampea 45 hivi. Akaweka fyuzi ya ampea 60 ya bapa ya kufungwa na skrubu, shibiri moja toka betri. Kwenye tundu akaweka mpira na akauvisha waya bomba lile jeusi la mikunjo. Ethi ya mwanzo ilikuwa imefungwa kwenye bolti ya mkanda wa siti juu ya rangi, akaitoa, akasugua bodi mpaka bati linang'aa akafunga na bolti yake peke yake, waya wa unene ule ule, urefu kama nusu mita. RCA akazihamishia upande mwingine wa gari mbali na waya wa moto. Filimbi ikaisha. Akapima na mita gari inawaka na mziki juu, kwenye betri volti 14.1, kwenye amplifaya 13.8.

Kasoro zake zipo. Ni mtu wa taratibu mno, alikaa na gari siku nzima, kuzidi muda alioniambia. Hana risiti. Kikopo cha fyuzi alikiacha kinaning'inia mpaka nilipomwambia akifunge kwenye bodi. Ufundi elfu 70.

Na kama fyuzi yako inakufa kila mara usikubali mtu akufungie waya au karatasi ya kung'aa ya sigara juu yake, kuna waya mahali unagusa, utafutwe kwanza.

Seti nilirudisha dukani, hela hawakurudisha, wakanipa nyingine ya aina ile ile. Ipo nyumbani, nimeikata vipande ili mtu asije akaifunga.