Betri za "grafini" za madukani Arusha: chukua, ila kwa bei ya betri ya risasi

Kwenye maduka ya sola na vipuri vya pikipiki za umeme, kuanzia Soko Kuu hadi soko la Kilombero, ipo betri nyeusi ya 12V 20Ah iliyofungwa pande zote, na ubavuni maandishi ya dhahabu yanasema ni ya grafini. Muuzaji hahitaji maneno mengi: "Hii siyo ya kawaida kaka, ni ile teknolojia iliyopewa Nobel." Hapo wateja hugawanyika. Mmoja analipa bila hata kuomba apunguziwe, maana alishasikia grafini ina nguvu mara 200 kuliko chuma. Mwingine anasonya na kuondoka. Kwake hata ugunduzi wenyewe ni utapeli. Wote wawili wamechemka.

Ugunduzi ni wa kweli. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandua kinywe (grafiti, ile ya ndani ya penseli) kwa selotepu, wakabandua tena na tena, mpaka wakapata tabaka moja la atomi za kaboni: hiyo ndiyo grafini. Mwaka 2010 wakapewa Nobel ya fizikia. Hiyo sifa ya mara 200 ni ya utando mmoja usio na dosari ukivutwa mpaka ukatike, na haisemi chochote kuhusu kutunza umeme. Kinywe chenyewe hakijaadimika huku kwetu. Wachimbaji wa Mererani hutoka shimoni weusi tii kwa vumbi lake, na kipande cha unene wa milimita moja kina tabaka kama milioni tatu. Kazi na gharama ziko kwenye kuzitenganisha, kwa hiyo anayedhani vumbi lile ni mali asubiri kwanza.

Wenye mashaka nao wana sababu zao. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliopima bidhaa za kampuni 60 za nchi mbalimbali zinazouza grafini. Nyingi zilikuwa na grafini halisi chini ya asilimia 10, na kilichojaa ni kinywe kilichosagwa tu. Kisha ikaja LK-99, Julai 2023: watafiti wa Korea Kusini wakadai wamepata kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kwenye joto la kawaida. Dunia ikapagawa kwa wiki kadhaa na video za kipande chake kidogo kinachoelea nusunusu. Agosti haijaisha, maabara nyingine zikaonyesha kuwa sehemu kubwa ya maajabu hayo ilitokana na salfaidi ya shaba iliyochanganyika humo. Aliyefuatilia sakata lile hashawishiki kirahisi na maandishi ya dhahabu.

Sasa turudi kwenye betri. Geuza boksi usome namba ndogo, siyo zile kubwa. Ukikuta 6-DZM-20 au 6-DZF-20, umemaliza: 6 ni idadi ya seli za volti mbili mbili, 20 ni Ah (ampea-saa, yaani uwezo wa kutunza umeme), na herufi za katikati ni za betri ya risasi iliyofungwa kwa ajili ya baiskeli na pikipiki za umeme. Hiyo 20Ah imepimwa kwa kutoa ampea 10 kwa saa mbili. Ukishindwa kusoma, iweke kwenye mizani ya duka la jirani. Ya risasi ya ukubwa huu ina karibu kilo 7. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo haifiki hata nusu yake. Grafini haijaondoa risasi humo ndani.

Kilichoongezwa ni kaboni kidogo kwenye bamba hasi, na msaada wake upo. Betri ya risasi ikikaa bila kujaa, salfeti ya risasi hugeuka chembe kubwa zisizoyeyuka, na betri inaanza kujaa upesi na kuisha upesi. Kaboni huzuia chembe hizo zisikue, na betri hupokea chaji vizuri zaidi. Kwa bodaboda anayechaji vipande vipande kati ya abiria, hiyo ni faida. Hasara yake ni kwamba kaboni huongeza gesi wakati wa kuchaji, kwa hiyo maji hupungua mapema zaidi, na betri yenyewe haina vifuniko vya kuongezea maji.

Madai mengine ya kwenye boksi yapuuze. "Inajaa kwa dakika 15" maana yake ni ampea 80, wakati chaja inayouzwa nayo imeandikwa 2.5A au 2.8A. Piga hesabu mwenyewe: ni saa saba au nane kwa uchache. "Mizunguko 3,000" nayo ni ndoto. Ukiitumia mpaka iishe chaji kila siku, tegemea 300 hadi 500.

Kabla ya kulipa, omba ipimwe. Betri iliyochajiwa ikapumzika saa chache isome volti 12.9 au zaidi. Chini ya 12.5 imekaa stoo muda mrefu, achana nayo. Ukinunua nne za kuunga mfululizo kwa 48V, zisitofautiane zaidi ya volti 0.1 na ziwe na namba za toleo moja, kwa sababu iliyo dhaifu ndiyo itakayoua wenzake: huisha kwanza, kisha zile tatu zinaendelea kuivuta chini ya volti 10.5. Nyumbani ipime kwa taa ya gari ya 12V 55W. Inavuta ampea kama 4.6, na betri nzima iliyojaa inatakiwa iiwashe kwa muda wa saa nne na kitu kabla haijafika volti 10.5. Ikifika hapo kabla ya kutimiza saa tatu, irudishe siku hiyohiyo.

Nyingi zinaharibikia kwenye chaja, na hapa jina la grafini linaleta madhara ya kweli. Muuzaji akisema "ni kama lithiamu", mteja anachukua chaja ya lithiamu. Chaja ya lithiamu ya 48V iliyozoeleka hukomea 54.6V. Gawa kwa nne: 13.65 kwa kila betri. Ya risasi inahitaji 14.4 hadi 14.8, yaani 58 hadi 59 kwa zote nne, na ikae hapo saa kadhaa. Taa ya kijani inawaka, mwenye pikipiki anachomoa, betri haijajaa hata siku moja. Miezi michache baadaye anasema grafini ni feki. Kwenye sola kosa ni lilelile: kontrola ya chaji imewekwa kwenye mpangilio wa lithiamu. Iweke kwenye betri ya risasi iliyofungwa, mkondo usizidi ampea 3 kwa kila betri, na ikishajaa ishikiliwe kwenye 13.6 hadi 13.8.

Hali ya hewa nayo isisahaulike. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai huifanya betri ihitaji volti zaidi kidogo ili ijae, na kontrola yenye kipimo cha joto hurekebisha yenyewe ikiwa waya wake umebandikwa kwenye betri, siyo kuning'inia ukutani. Kwa watu wa Moshi tatizo ni joto: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri hupungua karibu nusu. Usiifungie kwenye boksi la bati juani.

Viongeza vya oili na nta za gari zenye jina hilohilo, zinazouzwa kaunta hiyohiyo, sina la kuzisifia. Hakuna namba ya kupima pale, ni rangi ya chupa tu.

Betri hii naipa alama nzuri kama betri ya risasi. Kama ya kawaida ya Ah zilezile na uzito uleule ipo pembeni, sioni sababu ya kuongeza zaidi ya asilimia 10 kwa ajili ya hiyo kaboni. Muuzaji akidai mara mbili, mwambie unataka ya lithiamu kweli kwa hela hiyo. Dai risiti ya EFD yenye namba ya betri na tarehe, na waranti iandikwe inahusu uwezo wa Ah, siyo "kuwaka" tu, maana betri iliyobaki na robo ya uwezo wake bado inawaka.