Uzoefu wangu: mwaka mzima wa pikiniki kwenye bustani za jiji

Mwaka uliopita, karibu kila Jumamosi, tulitoka kwenda kukaa kwenye nyasi. Sisi ni sita: watoto watatu, mama yangu anayetembea kwa mkongojo, mwenzangu na mimi. Tumezizoea bustani tatu: kubwa yenye ziwa, bustani ya mimea, na ndogo ya mtaani yenye pembea mbili na miti isiyozidi kumi. Nilianza nikidhani kazi ni kuchagua bustani. Siku hizi najua kazi kubwa ni kuchagua pa kutandika mkeka ukishaingia langoni.

Kosa letu la kwanza lilihusu kivuli. Tulifika kwenye ile bustani kubwa saa tano asubuhi, tukaona kivuli kizuri upande wa magharibi wa mti mpana, tukatandika bila kufikiri. Ilipofika saa saba jua lilikuwa limetufika miguuni. Saa nane tulikuwa juani wote. Tulihama mara tatu siku ile, na kuhama si kuburuta mkeka tu: ni kukusanya sahani, kumwamsha mtoto aliyekwisha kulala, kumnyanyua mama taratibu. Mara ya tatu akaniuliza, “Mwanangu, ulipochagua hapa ulitazama jua au ulitazama nyasi?” Nilikuwa nimetazama nyasi.

Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo kivuli hakitulii. Asubuhi kinalala magharibi ya mti, alasiri kinahamia mashariki. Tukifika kabla ya adhuhuri na nia ni kukaa mpaka jioni, natandika upande wa mashariki wa shina na tunalivumilia jua la mwanzo, kwa sababu kivuli kinakuja kwetu. Dira ya kwenye simu inatosha kunionyesha. Penye miti kadhaa iliyosongamana ni bora zaidi, maana kivuli cha mmoja kikiondoka cha jirani yake kinaingia. Na nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya mti na turubai, nachukua mti. Majani yanakinga jua na pia yanatoa mvuke unaopoza hewa, jambo ambalo turubai haliwezi.

Ila si kila mti. Natazama chini kwanza: madoa meupe ardhini yana maana ndege wanalala humo, na msafara wa sisimizi kwenye shina hauhitaji maelezo. Kisha natazama juu, nitafute tawi lisilo na majani wakati mengine yamestawi. Tawi kavu linaweza kudondoka hata siku isiyo na upepo, na mimi nina watoto chini yake.

Nyasi nazo zina siri. Zilizo kijani kuliko zote mara nyingi ndizo zinazomwagiliwa. Tuliwahi kutandika mahali palipopendeza kweli, tukasikia mlio kama wa nyoka, na ghafla vichwa vya plastiki vikachomoza ardhini vikaanza kurusha maji. Mkate ulilowa, blanketi la mama likalowa. Tangu siku hiyo napapasa nyasi kwa kiganja nikitafuta vile vichwa. Pia nakunja karatasi laini ya kufutia, naiweka chini na kuikandamiza kwa goti nusu dakika. Ikitoka na unyevu tunasogea, hata kama juu panaonekana pakavu. Chupa ya maji nailaza ubavu. Ikibingirika, ujue sahani nazo hazitatulia.

Choo ndicho kilichonifanya niipunguzie nyota bustani kubwa. Kutoka ukingoni mwa ziwa, mahali panapopendwa na kila mtu, mimi natembea dakika tano kufika vyooni. Mama anatumia kumi na tano, sehemu yake ikiwa njia ya kokoto inayozamisha mkongojo. Siku moja tulifika mlangoni saa kumi jioni tukakuta kufuli, na bustani ilikuwa wazi mpaka machweo. Mama hakulalamika, lakini wiki iliyofuata alisema atabaki nyumbani. Iliniuma sana. Sasa naanza kwa kuuliza choo kiko wapi, kinafungwa saa ngapi na njia ya kwenda huko ikoje, ndipo nichague mti. Tunakaa mahali ambapo mlango wake unaonekana, lakini upande upepo unakotokea, ili harufu isitufuate. Vivyo hivyo kwa mapipa ya taka, kwa ajili ya nzi.

Bustani ya mimea ni nzuri kwa macho na kwa watoto wanaojua kusoma vibao vya majina ya miti. Ukitaka kucheza mpira au kutandika popote, utaona dhiki, kwani kula kunaruhusiwa kwenye uwanja mmoja tu wa nyasi. Soma ubao wa masharti langoni kabla ya kushusha mizigo.

Jambo moja sitaki mtu alipuuze. Ngurumo ilipoanza siku moja tulikimbilia chini ya mti, na mlinzi akatupigia kelele tutoke. Alikuwa sahihi, maana mti mrefu huvuta radi. Tuliingia kwenye jengo na kusubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, kama inavyoshauriwa.

Alama zangu: bustani ya mimea nyota tatu, ile kubwa tatu, na ndogo ya mtaani nne na nusu. Haina ziwa wala maua ya kupigia picha. Ina njia iliyosakafiwa sawasawa tangu langoni, benchi lenye mikono ambalo mama anainuka bila kushikwa, miti mitano iliyokaribiana, na choo hatua hamsini kutoka hapo. Nusu nyota nimeikata kwa sababu hakuna bomba la kunawia mikono. Nimewaandikia wasimamizi barua kuhusu hilo. Jumamosi hii tunakwenda tena na dumu letu la maji, na mama ameshasema anakuja.