Kozi ya kujiandaa na usaili wa mitaji binafsi: hesabu safi, lakini Nairobi haimo

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda. Kozi hii inastahili kununuliwa kwa ajili ya hesabu zake, na hesabu tu. Kama unalenga fandi za mitaji binafsi za Nairobi, au zile chache zenye watu Dar es Salaam na Kampala, nusu nyingine ya maandalizi itabidi uitengeneze mwenyewe. Kwangu mimi ndiyo iliyoamua usaili.

Mimi ni mhasibu, nimetokea kwenye ukaguzi wa hesabu Dar. Nilianza kwa kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, kisha nikaomba uasosieti (ngazi ya mwanzo ya ajira), kwenye fandi zinazokusanya pesa za wawekezaji wakubwa, kununua hisa za kampuni, kuikuza kampuni kwa miaka mitano au saba, halafu kuuza. Kozi niliyoinunua ni ya Kimarekani, ya video na majedwali ya Excel, karibu dola 500 kwa kifurushi kizima. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa na ikapita bila shida. Jina lake naliacha kwa sababu kozi hizi zimefanana mno kwa mpangilio, na ninayoyasema hapa yatakufaa kwa yoyote utakayoichukua.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni LBO ya kuandika kwa mkono. LBO ni kununua kampuni kwa mtaji wa kiasi na mkopo mkubwa, na mkopo huo unalipwa na kampuni yenyewe kutokana na fedha inazozalisha. Msaili anakupa karatasi na kalamu, hakuna kompyuta, hakuna kikokotoo. Mfano wa aina yake: kampuni ina EBITDA, yaani faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, ya dola milioni 10. Unainunua kwa mara 6 ya EBITDA, milioni 60, nusu deni na nusu mtaji. Baada ya miaka 5 EBITDA imefika 15, unauza kwa mara 6 ileile, milioni 90. Deni limeshuka hadi 15, kwa hiyo mwenye mtaji anaondoka na 75. Aliweka 30, amepata mara 2.5, na hiyo kwa miaka 5 ni karibu asilimia 20 kwa mwaka. Kozi inakurudisha kwenye hesabu hii kwa sura mbalimbali mpaka inakuwa nyepesi, na inakukaririsha vipimo vya haraka: mara mbili kwa miaka 5 ni karibu asilimia 15, mara tatu ni karibu 25, mara mbili kwa miaka 3 ni 26. Kwenye usaili vipimo hivi vilinipa utulivu mkubwa. Unajibu huku unamtazama mtu usoni.

Masomo ya taarifa tatu za fedha (faida na hasara, mizania, na mtiririko wa fedha) nayo ni mazuri, ila mhasibu yeyote aliyefanya mitihani ya NBAA au KASNEB atayapita mbio. Uchakavu ukiongezeka kwa 10 na kodi ni asilimia 30, faida inashuka kwa 7 na fedha taslimu inapanda kwa 3. Ukiweza kueleza sababu bila kusita, ruka video zote za sehemu hiyo.

Sasa nije kwenye pengo. Kozi inachukulia kwamba mkopo upo, ni wa bei nafuu, na benki inasubiri kukupa. Chukua kampuni ileile ya mfano wetu. Uchakavu ni 2, matumizi ya mitambo na majengo ni 3 kwa mwaka, kodi asilimia 30. Deni la 30 kwa riba ya asilimia 8 linakugharimu 2.4, ukishalipa riba, kodi na mitambo, mwaka wa kwanza unabakiwa na karibu 2.9 za kupunguza deni. Iweke kampuni hiyo Nairobi na ukope kwa shilingi. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na wakopaji wakawa wanalipa zaidi ya 15. Kwa asilimia 16 riba yako ni 4.8, na kinachobaki ni karibu 1.2. Hata nusu ya kile cha mwanzo hakifiki, na biashara haijayumba hata kidogo. Ndiyo maana fandi za kwetu nyingi haziegemei mkopo. Zinaweka mtaji wa kukuza kampuni, na faida yao inategemea kampuni iuze zaidi, ifungue matawi, ipunguze hasara. Swali la kwanza nililoulizwa kwenye usaili wangu lilikuwa hilohilo: kwa nini LBO ni adimu Afrika Mashariki, na bila mkopo fandi inapataje faida? Kwenye masaa yote ya video sikupata hata sentensi moja ya kunisaidia kulijibu.

La pili ni sarafu, na hapa ningemwomba kila anayejiandaa atulie. Fandi nyingi hukusanya pesa kwa dola na kurudisha kwa dola, lakini kampuni inauza maziwa, dawa au mkate kwa shilingi. Mwaka 2019 dola moja ilikuwa karibu shilingi 102 za Kenya. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa karibu 129. Kampuni ikikuzalishia mara mbili kwa shilingi katika miaka hiyo mitano, kwa dola umepata mara 1.58 tu, na ile asilimia 15 kwa mwaka imeshuka chini ya 10. Aliyelazimika kuuza Januari 2024, dola ilipokuwa karibu 160, hakufikisha hata mara 1.3. Weka mstari wa sarafu kwenye kila modeli, yaani jedwali la makadirio ya fedha za kampuni, unayoijenga, hata kama hujaombwa. Nilipouweka kwenye zoezi la Excel nililopewa, mazungumzo yaliyofuata yalikuwa juu ya mstari huo karibu muda wote: nimetumia kiwango gani, kwa nini, na kampuni inayouza nje ya nchi ingejikinga vipi.

Halafu kuna familia. Kozi inafundisha kununua kampuni nzima. Kwetu mara nyingi unanunua asilimia 25 au 30 ya biashara iliyoanzishwa na mzee, ambaye bado anafika ofisini asubuhi na anataka abaki na usukani. Kwa hiyo maswali yanageuka kuwa ya haki zako ukiwa mdogo ndani ya kampuni: kiti kwenye bodi, maamuzi yasiyoweza kupita bila ridhaa yako, haki ya kuuza pamoja na mwenye hisa nyingi akiuza, haki ya kuwavuta wengine wauze mnunuzi akitaka kampuni yote, na namna ya kutoka iwapo mnunuzi hatokei. Soko la hisa usilitegemee sana kama mlango wa kutokea. Uuzaji mkubwa wa hisa kwa umma kama ule wa Safaricom wa 2008 si jambo la kila mwaka.

Kilichonisaidia kuliko video yoyote ni kuchukua mauzo halisi ya kampuni za hapa na kuyaandikia waraka wangu wa kurasa mbili, kama ule ambao asosieti humwandikia mkuu wake. Nilianza na Java House. Mgahawa wa kwanza ulifunguliwa Adams Arcade, Nairobi, mwaka 1999. Fandi ya ECP iliingia 2012, ikauza kwa fandi ya Abraaj ya Dubai mwaka 2017, na mwaka uliofuata Abraaj yenyewe ikaanguka. Uwekezaji huo ukaja kuangukia mikononi mwa Actis, fandi nyingine. Mfano huu una utajiri wa maswali. Mnunuzi wa 2017 alikuwa analipia nini, matawi yaliyopo au yale atakayofungua? Kodi ya pango kwenye maduka makubwa inakula kiasi gani cha mauzo? Na fandi inayokumiliki ikianguka, nani anaidhinisha bajeti yako?

Kisha Naivas, maduka makubwa ya Kenya. Mwaka 2020 familia iliuza asilimia 30 kwa kundi lililokuwemo IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia, na fandi ya Amethis. Miaka miwili baadaye wawekezaji wale wakatoka, na kundi linaloongozwa na kampuni ya IBL ya Mauritius, likiwa na Proparco na DEG, taasisi za maendeleo za Ufaransa na Ujerumani, likachukua asilimia 40. Mwaka 2023 likafika 51. Huwezi kueleza ukuaji ule bila kuanguka kwa washindani wake Nakumatt na Tuskys, ambako kuliacha majengo matupu na wateja wanaotafuta pa kwenda. Ukiweza kulieleza hilo kwa dakika tatu, kwa takwimu na kwa maoni yako mwenyewe kuhusu bei, umeshajibu lile swali linaloulizwa karibu kila mahali: taja dili la ukanda huu unaloliheshimu.

Jambo jingine lisilomo kwenye kozi ni mazingira na jamii. Fandi nyingi za kwetu zina pesa za taasisi za maendeleo kama IFC, Norfund au British International Investment, ile iliyokuwa ikiitwa CDC mpaka 2022. Taasisi hizi hazikubali pesa yao iende popote tu. Niliulizwa kuhusu machinjio ya kuku: majitaka yanakwenda wapi, vibarua wana mikataba, ardhi ilipatikanaje. Soma vigezo vinane vya IFC. Viko wazi na ni bure.

Kuhusu ratiba, sehemu hiyo ya kozi ifunge kabisa. Imeandikwa kwa kijana wa New York anayehojiwa na fandi wakati hajakaa vizuri kwenye kiti chake cha benki. Hata huko wameanza kuchoka: mwaka 2025 benki ya JPMorgan iliwaonya wachambuzi wake wapya kuwa atakayekubali kazi nyingine ndani ya miezi 18 ya mwanzo atafukuzwa, na fandi ya Apollo ikaahirisha kusaili kundi la kuanza kazi 2027. Nairobi haina msimu. Fandi inaajiri ikikusanya pesa mpya au mtu akiondoka, na tangazo likionekana LinkedIn huenda majina mawili yameshazungumzwa mezani. Waandikie watu mapema, kwa heshima na kwa ufupi, na uambatishe ule waraka wako wa kurasa mbili. Mimi ndivyo nilivyoitwa.

Usaili wa majaribio wanaouza kwa nyongeza ya bei sikuuchukua. Kaka mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye fandi alinihoji kwa simu jioni kadhaa bila malipo, akinikatiza kila nilipoanza kukariri, na sidhani kama mtu wa Marekani angejua kuniuliza mkataba wa msambazaji wa Mbeya una thamani gani.

Kwa hiyo, kwa mtu wa uhandisi, sheria au masoko ambaye hajawahi kujenga modeli, naipa nyota nne kati ya tano. Kwa mhasibu au aliyetoka kwenye ushauri wa mauzo ya kampuni, nyota tatu, na achukue kifurushi kidogo cha LBO peke yake. Dola 500 ni pesa nyingi kwa kijana anayeanza kazi Dar au Kisumu, na inaniuma kuona watu wanajibana kulipia video za kodi ya majimbo ya Marekani.

Kasoro ya mwisho ni benki. Fandi ya Helios ilipoingia Equity Bank mwaka 2007 ilichukua karibu robo ya hisa, na hadi leo taasisi za fedha ni sehemu kubwa ya uwekezaji wa ukanda huu. Benki haipimwi kwa EBITDA, kwani riba ndiyo biashara yake na amana za wateja ndiyo malighafi yake. Inapimwa kwa bei ya hisa dhidi ya mtaji ulio vitabuni, faida dhidi ya mtaji huo, na mikopo chechefu. Kozi haina video hata moja juu ya hilo. Kama fandi unayoiendea inamiliki benki, bima au kampuni ya mikopo, pakua taarifa ya mwaka ya Equity Group, CRDB au NMB, na uzikokotoe namba hizo tatu mwenyewe kabla ya siku ya usaili.