Nimeenda kukiona kinu cha ITER: nyota nne

Mimi ni fundi umeme, kwa hiyo pale Saint-Paul-lez-Durance, kusini mwa Ufaransa, macho yalianza na transfoma. Laini ya kilovoti 400 inaingia. Ya kutoa umeme hakuna! Kinu kile ni cha majaribio ya kuunganisha viini vya hidrojeni ili vitoe joto, kama jua linavyofanya; hakina jenereta wala hakitauza hata uniti moja.

Ziara ni bure. Unajiandikisha mapema na kwenda na kitambulisho.

Chumba cha plazma, yaani gesi ya moto mno, kina vipande tisa, kama chungwa lililomenywa, na kipande kimoja ni tani 440 hivi. Mashine nzima itafika tani 23,000. Plazma itapashwa hadi nyuzi milioni 150, na mita chache tu pembeni sumaku zimegandishwa nyuzi 269 chini ya sifuri. Mwanangu akanong'ona, "Baba, hii friji au jiko?" Sikuwa na jibu.

Sasa mavuno. Wanakusudia kutia megawati 50 za joto kwenye plazma na kupata 500, kwa dakika chache. Ukizichemshia maji ziendeshe tabaini, umeme utakaopatikana ni theluthi moja hivi ya joto hilo. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, mtambo mmoja ni megawati 235, na iko tisa.

Mbona kubwa hivyo? Dada aliyetutembeza alieleza vizuri: plazma nene huchelewa kupoa. Nikakumbuka sufuria ya pilau la harusi, saa mbili baadaye bado inaunguza, wakati chai ya kikombeni imeshakuwa maji. Njia nyingine ni sumaku kali zaidi. Ukizidisha uga wake maradufu, kinu cha ukubwa uleule chaweza kutoa nguvu mara kumi na sita. Hiyo ndiyo karata ya kampuni ya Commonwealth Fusion Systems ya Marekani: kinu chao, SPARC, toka katikati ya duara hadi moyo wa plazma, ni mita 1.85, ITER ni 6.2.

Mimi bado nasitasita. Joto jingi kwenye ukuta mdogo, ukuta unaungua. Halafu kinu cha biashara kinahitaji blanketi la lithiamu la kuzalisha tritiamu, hidrojeni nzito ambayo ni sehemu ya mafuta yake, na kuzuia nyutroni, chembe zinazoruka kutoka kwenye plazma, unene karibu mita moja pamoja na kinga yake, na hilo halikubali kupunguzwa kwa sababu kinu ni kidogo.

Ratiba yao sasa inasema kuanza 2034, na mafuta yenyewe, tritiamu na deuteriamu (nayo ni aina ya hidrojeni), 2039. Mwanangu atakuwa na miaka ishirini na tano.

Mkienda, vaeni viatu vya kutembelea na mbebe maji. Jua la Provence mwezi wa saba ni la Dodoma kabisa.